Gitaa Lililofutwa

Avanell Prater alibadilisha gauni mara tatu asubuhi ile, ingawa alijua fika kwamba kwenye redio hakuna mtu atakayemwona.

"Lile la bluu lilikuwa zuri," baba yake alisema kutoka kwenye kiti chake kando ya jiko. "Hilo la sasa linakufanya ufanane na mwalimu mkali."

"La bluu lina doa, Baba."

"Redio gani hiyo inayoonyesha madoa?"

Mzee Hobert Prater alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. Avanell alisimama kimya mlangoni akingoja kipite. Miaka thelathini na mmoja chini ya mlima, akichimba makaa ya mawe, ilikuwa imemwachia mzee yule mapafu yasiyotosha hata kupanda ngazi za kibarazani. Hakupenda kukimbiliwa akikohoa. Alipenda watu wajifanye hawasikii.

"Saa nne kamili," Avanell alisema kikohozi kilipotulia. "Usije ukasinzia."

"Nisinzie siku ambayo binti yangu anatoka redioni? Kwani mimi gogo?"

Ilikuwa Jumamosi ya pili ya Aprili, mwaka 1973, na bonde zima la Stillhouse, mashariki ya Kentucky, lilijua kwamba santuri ya binti wa Hobert inatoka leo. Ilikuwa santuri ndogo, wimbo mmoja kila upande, na ule wa upande wa kwanza uliitwa "Maji Yako Yamechemka." Avanell aliuandika mwenyewe hapo jikoni, jioni moja baada ya zamu kiwandani alikoshona suruali za jinzi. Ulikuwa wimbo wa mama yake, Zelma, aliyefariki miaka sita nyuma; mwanamke ambaye kila siku, saa za zamu ya mgodini kutoka, alibandika sufuria kubwa ya maji ili mumewe aoge vumbi la makaa kabla ya kula. Mwezi Februari kampuni moja ya Nashville ilimwita Avanell studio. Wakaurekodi kwa siku moja, wakamwambia arudi nyumbani akasubiri. Akasubiri. Sasa santuri ilikuwa imefika kwa posta katika kituo kidogo cha redio cha mji wa Marlow, na mtangazaji wake, Burl Caudill, angeipiga kwa mara ya kwanza saa nne, mwenye wimbo akiwa ameketi ubavuni pake.

"Na huyo naye atakuwepo?" mzee aliuliza.

Avanell hakuhitaji kuuliza ni nani. Jina lile halikuwahi kutoka kinywani mwa baba yake.

"Coy atakuwepo. Yeye ndiye aliyepiga gitaa, Baba."

"Kijana wa Lonzo."

"Ana jina lake."

"Baba yake naye alikuwa na jina. Na fidla. Akaitia kwapani siku moja, akasema anakwenda Ohio wiki mbili tu. Mama wa watu akabaki na watoto wanne, anatazama barabara mpaka nywele zikageuka nyeupe." Mzee alivuta pumzi, ndefu na yenye mikwaruzo. "Sina ugomvi na kijana mwenyewe. Ana adabu, na injini za magari anazijua. Lakini nimeshasema na narudia: mpiga muziki simpi binti yangu."

"Mimi mwenyewe mwimbaji."

"Wewe unaimba, halafu unarudi kunipikia maharage. Ni tofauti."

Avanell alimbusu kwenye paji la uso, akaiweka redio pale mkono wake unapofika, akatoka. Hakutaka kubishana. Na ukweli ni kwamba hakuwa na la kubishania. Coy Slone hakuwahi kumwomba uchumba. Kwa majira mawili ya baridi alikuwa akija na gitaa lake kufanya mazoezi kwenye chumba cha nyuma, anaingilia mlango wa uani, anaondoka kwa mlango wa uani, na katika muda wote huo walichopeana ni nyimbo na macho. Macho hasa. Kuna mahali kwenye ubeti wa pili ambapo Avanell alipaswa kunyamaza ili gitaa liseme, na kila walipofika hapo Coy aliinua uso na kumtazama, bila kucheka, kama mtu anayesoma barua aliyoingoja sana. Halafu ubeti wa tatu unaanza, naye anainamia nyuzi zake.

Miaka miwili Avanell alikuwa akiishi kwa ajili ya ubeti wa pili.

*

Kituo cha redio kilikuwa vyumba viwili juu ya duka la mbegu. Coy alikuwa ameshafika. Alisimama alipomwona, mrefu, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na mtu asiyejua kupiga pasi, na mikono yake ya fundi gari ilikuwa imesuguliwa mpaka ikawa myekundu.

"Umependeza," alisema.

"Nimeambiwa nafanana na mwalimu mkali."

"Basi ningerudi shule leo leo."

Alisema hivyo akitabasamu, lakini tabasamu lenyewe halikukaa. Avanell aliliona hilo, akadhani ni woga. Yeye mwenyewe vidole vilikuwa baridi.

Burl Caudill, mtu mnene mwenye sauti nyembamba ambayo redioni iligeuka kuwa asali, aliwakalisha mbele ya kipaza sauti. Aliiinua santuri kwa kingo zake kama mtu anayetoa mkate kwenye tanuri.

"Tazama hapa, mama. Soma."

Avanell alisoma. Katikati ya ile karatasi ya duara, nyekundu, kulikuwa na jina la wimbo, na chini yake: AVANELL PRATER. Alipitisha kidole juu ya herufi. Jina lile alilishona kwenye mkoba wake wa shule akiwa na miaka saba, mama yake akimwelekeza sindano.

"Ukilia, lia sasa," Burl alimwambia. "Nikishafungua hiki kipaza sauti, machozi yanasikika."

Saa nne ilipogonga, Burl aliinama, na asali ikaanza kumwagika. "Wapendwa wa Marlow, na nyinyi wa mabondeni, na wewe mama unayekanda unga hapo ulipo, acha kidogo. Leo tuna mtoto wetu. Si wa mjini, si wa kukopa. Ni binti wa Hobert Prater wa Stillhouse, na huu ndio wimbo wake."

Akaishusha sindano.

Chini ya meza Avanell aliushika mkono wa shati la Coy, akaukamata kwa nguvu. Sauti yake mwenyewe ilimjia kutoka kwenye spika, kubwa kuliko alivyowahi kuisikia:

*Jua limegusa kilele, kuni nimeongeza,*
*Maji yako yamechemka, taulo nimetandaza...*

Burl alitikisa kichwa taratibu, macho ameyafumba. Ilikuwa sauti isiyo na madoido, sauti ya mtu anayezungumza na mume wake kutoka dirishani, na ndiyo maana ilichoma. Ubeti wa kwanza ukaisha. Ubeti wa pili ukaja, ukafika pale pa kunyamaza. Avanell alimgeukia Coy ili ayapokee macho yake.

Coy alikuwa akitazama viatu vyake.

Na kwenye spika, mahali pa gitaa, ziliingia vayolini. Si moja. Vayolini kumi, labda ishirini, laini, tamu, zikitiririka kama sharubati. Gitaa halikuwepo. Halikuwepo hapo, halikuwepo kwenye kiitikio, halikuwepo mwishoni. Kila uzi aliougusa Coy siku ile kule Nashville ulikuwa umefutwa, kama mtu anavyofuta ubao.

Avanell aliuachia ule mkono wa shati.

*

Walitokea nyuma, kwenye ngazi za chuma zinazoshukia uwanja wa duka, kati ya marundo ya magunia ya mbegu za mahindi. Ndani Burl alikuwa akisoma tangazo la unga wa ngano.

"Ulijua," Avanell alisema.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Wiki tatu."

"Wiki tatu! Umekuja nyumbani mara ngapi katika wiki hizo tatu? Tumefanya mazoezi mara ngapi, Coy? Umekaa mbele yangu unapiga kitu ambacho unajua wameshakitupa?"

"Nilikuwa napenda kukipiga."

Alisema kwa upole kiasi kwamba Avanell nusura anyamaze. Lakini hasira ilikuwa imeshampanda.

"Nani alikwambia?"

"Yule prodyuza. Alinipigia simu gereji." Coy aliketi kwenye ngazi, viwiko juu ya magoti. "Alisema wakubwa wake wameipenda sauti yako, wamekosa usingizi kwa sauti yako. Ila gitaa linanuka milima. Wanataka wimbo upigwe mpaka miji mikubwa. Akasema ama gitaa litoke, ama wimbo ukae kabatini. Na kwa kuwa lilikuwa gitaa langu, alitaka anisikie mimi nasemaje."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nikasema litoeni."

"Bila kuniuliza."

"Ningekuuliza, ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa!"

"Sasa unaona kwa nini sikukuuliza."

Avanell alipiga chuma cha ngazi kwa kiganja. Njiwa wawili waliokuwa wakiokota mbegu uwanjani waliruka.

"Usinifanyie mambo ya kishujaa, Coy Slone. Sikukuomba. Ule wimbo si wangu peke yangu. Mimi niliandika maneno ya mama. Wewe ndiye uliyemleta baba. Ile sauti inayopanda, hatua tatu inapumzika, hatua tatu inapumzika, nani aliyeitafuta wiki nzima mpaka akaipata? Bila hiyo mama anaimba na nani?"

"Watu watausikia, Avanell. Hicho ndicho nilichotaka. Mimi nikiwemo au nisiwemo. Sauti kama yako haiwezi kufia kwenye chumba cha nyuma kwa sababu ya gitaa la fundi gari." Aliinua macho hatimaye. "Na kuna jingine. Bora ulisikie kwangu. Jumatatu naondoka. Kuna bendi Texas, wanahitaji mpigaji, mpaka mwisho wa Julai. Nimekubali."

Chini, mtu alipakia gunia kwenye pikapu, akaliachia kwa kishindo.

"Kumbe ulikuwa unaniaga," Avanell alisema polepole. "Umeniachia wimbo, umefunga mlango, unakwenda zako. Baba alikuwa sahihi."

Neno lile lilimpata. Avanell aliona lilivyoingia. Uso wa Coy ulipauka mpaka kwenye midomo.

"Hapana," alisema. "Baba yangu aliondoka bila mtu kumfukuza. Mimi baba yako hanitaki. Kampuni haitaki gitaa langu. Nikaona watu wameshaniambia vya kutosha."

"Na mimi? Mimi nimekwambia nini?"

"Wewe?" Coy alicheka kicheko kidogo kisicho na furaha. "Wewe hujaniambia kitu, Avanell. Miaka miwili. Kila nilipofika kwenye ule ubeti nilikutazama nikasema, labda leo. Halafu unaanza ubeti wa tatu."

Avanell alifungua kinywa. Yeye ambaye maneno yalimjia akiwa kwenye cherehani, akiwa anakamua nguo, akiwa anapalilia vitunguu, alitafuta neno moja tu la kusema na halikuja. Machozi yalikuja badala yake.

"Mimi naandika, Coy," alisema. "Kusema siwezi."

Coy alisimama. Angefanya nini, yeye mwenyewe baadaye alisema hakujua. Mlango ulifunguliwa kwa nguvu, na Burl akatokeza kichwa, amelowa jasho.

"Avanell! Baba yako yuko kwenye simu!"

Avanell aligeuka. "Anaumwa?"

"Anaumwa wapi! Ana hasira. Amenitukana mpaka nikasahau tangazo. Njooni haraka, nimemweka redioni."

*

Simu ya kituo ilikuwa imeunganishwa na mitambo, na sauti ya Mzee Hobert ilijaa chumba kizima, pamoja na mikwaruzo yote ya kifua chake. Kata nzima ilikuwa inaisikia.

"Mzee Prater," Burl alisema, akifuta jasho, "bado uko hewani."

"Hewa ndiyo ninayoikosa, Burl, kwa hiyo usinipotezee. Nina swali kuhusu ule wimbo wangu."

"Wimbo wa binti yako, Mzee."

"Wa kwangu. Yule mtu anayengojwa mle ndani ni mimi. Wewe ulidhani Zelma anamchemshia maji gavana?"

Burl aliziba mdomo kwa kiganja. Avanell alishika ukingo wa meza.

"Sasa sikiliza," mzee aliendelea, akipumua kila baada ya maneno machache. "Kitanda changu kimeegemea ule ukuta wa chumba cha nyuma. Miaka miwili nimelala pale nausikia wimbo huo. Najifanya nimelala. Zelma anachemsha maji, anaita, halafu lile gitaa linaanza kupanda mlima. Hatua tatu, linavuta pumzi. Hatua tatu, linavuta pumzi. Ni mimi yule. Ndivyo nilivyokuwa napanda, na ndivyo nilivyokuwa napumua, na sikujua kwamba kuna mtu aliyewahi kusikiliza." Kikohozi kilimkata. Hakuna aliyejifanya hasikii. Wote watatu walisimama wakiinamisha vichwa mpaka kilipopita. "Leo nimekaa hapa na redio yangu, nimechana nywele. Nangoja nipande. Zinakuja vayolini. Nikasema labda ubeti unaofuata. Vayolini. Wimbo ukaisha, Burl. Mke wangu amechemsha maji, ameita, na mimi sikufika nyumbani."

Avanell alilia waziwazi sasa, na kipaza sauti kilikuwa wazi, na hakujali.

"Huyo kijana yupo hapo?" mzee aliuliza.

"Yupo, Mzee."

"Coy Slone yupo hapo?"

Coy alikisogelea kipaza sauti kana kwamba kingemng'ata. "Nipo, Mzee Prater."

"Lete gitaa lako, nifike nyumbani."

Simu ikakatwa.

Burl alitazama saa ya ukutani, akatazama orodha ya matangazo, akaikunja na kuitia mfukoni. "Gitaa liko wapi?"

"Kwenye gari," Coy alisema.

"Unangoja nini?"

Alishuka ngazi zile nne nne. Burl aliwaambia wapendwa wa Marlow wasiende popote, akawasomea bei ya vifaranga kwa sauti iliyokuwa inatetemeka, huku Coy akirudi na gitaa lake la chuma, lile linalosimama kwa miguu minne kama meza nyembamba, na kuunganisha nyaya akiwa amepiga magoti sakafuni. Alipoketi nyuma yake, na kile kipande cha chuma mkononi cha kutelezesha juu ya nyuzi, alimtazama Avanell.

"Uko tayari?"

"Siko tayari," alisema. "Piga."

Aliimba akiwa amesimama, mikono imening'inia, gauni la mwalimu mkali limelowa machozi kifuani. Sauti ilikuwa na nyufa. Kule studio wangemwambia arudie. Lakini wanawake walioacha unga mikononi siku ile bado wanasimulia kwamba hawajasikia tena mwanamke akiimba namna hiyo. Kwamba alipoita *maji yako yamechemka*, kuna waliogeuka kutazama mlango. Ubeti wa pili ulifika. Avanell akanyamaza.

Gitaa likaanza kupanda.

Hatua tatu, likavuta pumzi. Coy hakulia na hakutabasamu. Vidole vyake vyenye makovu ya injini viliteleza kwenye nyuzi kwa upole ambao mtu angeutumia kumbeba mgonjwa. Hatua tatu. Lilichoka, likasimama, sauti ikaning'inia mpaka Burl akajikuta yeye mwenyewe hapumui. Hatua tatu nyingine. Na lilipofika juu, pale ambapo kila siku Coy aliinua macho, aliyainua.

Safari hii Avanell hakuanza ubeti wa tatu.

Alisimama akimtazama. Alimwacha apige tena, mzunguko mzima, ambao haukuwahi kuwepo kwenye mazoezi wala Nashville. Alimtazama mbele ya kipaza sauti kilicho wazi na kata nzima iliyokaa kimya, na yote ambayo mdomo wake ulishindwa kuyasema kwenye ngazi yalikuwa usoni mwake, hadi Coy akakosea uzi, akacheka, akaupata tena. Ndipo alipoimba mwisho.

Baada ya nota ya mwisho kulikuwa na ukimya mrefu redioni, kosa ambalo Burl Caudill hakuwahi kulifanya katika miaka kumi na tisa. Kisha simu ikalia. Akapokea: bibi mmoja wa Caney Fork, anataka wimbo urudiwe. Ikalia tena. Mwanamume mmoja alisema yuko kwenye duka la vipuri na watu wote wamesimama. Ya tatu ilikuwa ya mwanamke aliyeshindwa kusema, alipumua tu upande wa pili, halafu akasema asante na kukata.

"Umesikia?" Burl alimwambia Avanell, akigonga mashine iliyokuwa ikizungusha kanda kwenye kona. "Niliiwasha. Kuanzia kesho, kila watakaponiomba santuri yako, nitapiga kanda hii. Kampuni ikinipigia simu, nitaiambia santuri ina mkwaruzo."

"Watakukasirikia."

"Wako Nashville. Kitufe kiko hapa."

*

Ilikuwa saa saba mchana walipofika Stillhouse. Coy alielekea uani kwa mazoea, kofia kichwani na sanduku la gitaa mkononi. Avanell alimshika kiwiko.

"Mlango wa mbele," alisema.

Mzee Hobert alikuwa mezani. Nywele zilikuwa zimechanwa kweli, na maji. Alikuwa amejipashia maharage mwenyewe, kazi iliyomchukua saa nzima na kumwacha na midomo ya bluu, na mkate wa mahindi ulikuwa umekatwa vipande visivyolingana. Hakumtazama binti yake. Alimtazama Coy, kuanzia viatu.

"Nilifika," alisema.

"Ndiyo, Mzee. Tulikuona."

"Baba yako alikuwa anapiga kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia. Nakwambia kwa sababu huenda hakuna aliyekwambia. Lakini alikuwa anajipigia mwenyewe. Ukicheza, usicheze, yeye hakuoni." Alipumua. "Miaka miwili nimelala pale ukutani namtafuta Lonzo kwenye gitaa lako. Nilitaka nimpate, ili niwe na sababu. Simpati."

Coy aliinamisha kichwa. "Asante, Mzee."

"Usinishukuru. Binti yangu umemficha jambo wiki tatu."

"Nimemficha."

"Usirudie."

"Sirudii. Kuna jingine, Mzee, na hili silifichi. Jumatatu nakwenda Texas, kwenye bendi. Nilishawapa neno langu, mpaka mwisho wa Julai. Kama unataka nisiende..."

"Nani kakwambia nataka usiende? Mtu akitoa neno anakwenda." Mzee alisukuma bakuli. "Mimi nataka kujua jambo moja tu. Arusi lini?"

Coy aligeuka mwekundu mpaka masikioni. "Mzee... bado sijamwuliza."

"Miaka miwili!"

"Nilikuwa nangoja..."

"Unangoja nini? Mimi pumzi zangu zina hesabu."

Avanell alikuwa amewapa mgongo, akimimina maziwa ya mgando kwenye bilauri tatu.

"Agosti," alisema.

Wanaume wote wawili waligeuka.

"Agosti nini?" Coy aliuliza, sauti imemkauka.

Avanell aliiweka chini jagi. Kisha akageuka, akamtazama usoni, na neno alilolikosa asubuhi lilikuja jepesi kama jina lake mwenyewe.

"Arusi. Mkataba wako unaisha Julai. Nakupenda, Coy, na ninataka Agosti."

Coy alivuta kiti, akakaa, akashika kijiko kwa upande usio wake. Machozi yalikuwa yanamtiririka na alikuwa anacheka, na wala hakuonekana kujua lipi ni lipi.

Mzee Hobert alikata kipande kikubwa cha mkate, akakiweka mbele yake.

"Kofia, mwanangu," alisema. "Tukiwa mezani tunavua kofia."